Je, Maneno ya Mashine Yasadikiwe?

Mkatekumeni aliye karibu kubatizwa amekwisha kufundishwa kwamba ubatizo hutolewa kwa maji ya kweli: ya mto, ya kisima, ya mvua au ya bahari. Hata katika hatari ya kufa, ambapo mtu ye yote aweza kubatiza, maji hayabadilishwi kwa kitu kingine.

Basi yasikilizwe yaliyotukia Marekani. Mwezi wa Aprili mwaka 2024, chama cha Wakatoliki kiitwacho Catholic Answers, huko California, kilitoa katika intaneti mashine ya akili bandia ya kujibu maswali ya dini. Ilionekana kwa sura ya mtu mwenye mavazi ya kipadri, ikaitwa Padri Justin. Mtu mmoja akaiuliza kama mtoto aweza kubatizwa kwa Gatorade, yaani kinywaji chenye sukari na rangi wanachokunywa wanamichezo. Ikajibu kwamba yafaa. Wengine wakaambiwa na mashine ile ile kwamba yenyewe ni padri kweli kweli. Baada ya siku chache tu wenyewe wakaivua mavazi yale na jina la Padri, ikabaki Justin tu. Ilikuwa vema, kwa maana mtoto aliyemiminiwa kinywaji kile angekuwa hajabatizwa, na wazazi wake wangerudi nyumbani wakifurahi.

Swali: Je, mashine ile ilikusudia kudanganya?

Jibu: Hapana. Mwenye kudanganya anaijua kweli, naye anaificha. Mashine imelishwa maandiko mengi mno, mazuri pamoja na mabaya, ikajifunza neno gani hufuata neno gani. Ikiulizwa, hupanga neno baada ya neno kwa namna inayoelekea zaidi. Jambo lililoandikwa mara nyingi na kwa usahihi, kwa kawaida italisema vema. Lakini jambo lililoandikwa mara chache, kama habari za kijiji kimoja au maana ya neno katika lugha isiyo na vitabu vingi, huenda ikalijaza kwa kubuni, wala sauti yake haitabadilika hata kidogo. Mtu asiyeijua njia, akiulizwa, husitasita, na uso wake humwonya msafiri. Mashine haina uso.

Swali: Je, yafaa kuiuliza yenyewe kama imesema kweli?

Jibu: Haifai. Mwaka 2023, huko New York, wakili mmoja aliiomba mashine iitwayo ChatGPT imtafutie hukumu za zamani. Ikambunia hukumu zisizokuwapo kamwe. Alipoiuliza kama ni za kweli, ikajibu ndiyo. Zikapelekwa mbele ya hakimu, na mawakili wakatozwa dola 5,000.

Yamkini mashine hizi zina faida. Humsaidia mtu kupanga barua, au kufumbua sentensi ngumu, kwa sababu msomaji aweza kuipima kazi hiyo kwa macho yake mwenyewe. Lakini kipimo cha dawa ya mtoto mwenye homa huulizwa kwa muuguzi wa kituo cha afya, na mambo ya sakramenti kwa katekista au padri. Hao wana majina, na wakikosea wataulizwa. Mashine ikitaja kitabu, kitabu chenyewe kitafutwe, na ukurasa usomwe. Mara nyingine ukurasa huo hautaonekana.