Somo kwa Kamati za Parokia: Jembe Tumempa, Shamba Liko Wapi?



Kijana asiye na kazi anapotajwa katika vikao vyetu, mara nyingi hukumu hutangulia: "Vijana wa siku hizi ni wavivu." Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hii inafundisha kwamba msaada una kikomo na kwamba kila mwenye nguvu achangie. Lakini mwenyeji huyo alikuwa na shamba la kumwonyesha mgeni wake. Katika somo hili tujiulize kama sisi tunalo.

1. Mabadiliko katika misaada ya serikali

Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) ulianza mwaka 2000. Mwanzoni wanavijiji wengi waliufahamu kwa madarasa, zahanati na visima. Mwaka 2012 ilianza awamu ya tatu, yenye Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini. Sasa fedha zilifika mikononi mwa kaya zenyewe, na sehemu yake ilikuwa na masharti: watoto wahudhurie shule, na wadogo wapelekwe kliniki. Kaya zenye watu wenye nguvu zilipewa pia ajira za muda, kama kutengeneza barabara, kuchimba malambo na kupanda miti. Kipindi cha pili, kilichozinduliwa Februari 2020, kilitilia mkazo zaidi kwamba anayeweza kufanya kazi alipwe kwa kazi.

2. Hesabu ya kaya moja

Tuchukue viwango vya miaka ya mwanzo. Siku za kazi zilikuwa 60 kwa mwaka, yaani siku 15 kwa mwezi kwa miezi minne. Malipo yalikuwa shilingi 2,300 kwa siku. Jumla ni shilingi 138,000 kwa mwaka. Kwa mama aliyekuwa karibu kuuza mbuzi wake wa mwisho ili anunue unga, huo ulikuwa msaada wa kweli. Lakini mwaka una siku 365. Siku 305 zilizobaki alipaswa kujitafutia mwenyewe.

3. Je, kazi zipo?

Miinuko ya Tarime hustawisha mahindi, ndizi na kahawa. Hata hivyo, shamba la babu likigawanywa kwa wana, kisha kwa wajukuu, kila mmoja hubaki na kipande. Katika wilaya ya Serengeti, vijiji vinapakana na hifadhi, ambako kulima na kuchunga hakuruhusiwi. Utalii huajiri, ila hoteli hutafuta mtu anayejua lugha, mapishi au udereva.

Huko Nyamongo, mgodi mkubwa wa North Mara ulianza uzalishaji mwaka 2002. Kabla yake wachimbaji wadogo walichimba hapo kwa zana za mikono. Mgodi wa mitambo hutoa dhahabu nyingi kwa watu wachache wenye ujuzi. Kwa hiyo utajiri wa ardhi hauleti wingi wa ajira peke yake. Vijana wengine huingia kwenye bodaboda au biashara ndogo mpakani Sirari. Pikipiki zikizidi abiria, kila dereva hupungukiwa.

Katika mfano wa shamba la mizabibu (Mathayo 20), watu waliokutwa wamesimama sokoni jioni walieleza kwamba hakuna aliyewaajiri. Mwenye shamba aliwaamini, akawapa kazi.

4. Kamati ifanye nini?

• Ihudhurie mikutano ya kijiji inayotambua kaya maskini, na kuwasemea wajane, wazee na walemavu wasio na msemaji.

• Isaidie vikundi kuandaa katiba, usajili na daftari la fedha. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa Aprili 2023, ikarejeshwa mwaka 2024.

• Parokia inapojenga au kutengeneza madawati, ianze na mafundi wa kijijini.

Kwa wafadhili: tukifundisha mafundi cherehani kumi katika kijiji kimoja chenye gulio moja kwa wiki, tumeongeza vyeti kuliko kazi. Tupime kwanza soko, kisha mafunzo, kisha vifaa. Na baada ya mwaka tuhesabu wangapi wanaishi kwa ufundi huo.

Maswali ya kujadili

1. Katika kigango chetu, nani anaitwa mvivu? Je, tumewahi kumuuliza ametafuta kazi wapi?
2. Ni kazi zipi tunazolipia watu wa mbali, ambazo vijana wetu wangeweza kuzifanya?
3. Ajira ya muda ikiisha, kaya iliyonufaika inabaki na nini mkononi?
4. Kabla ya kikao kijacho, kila mjumbe amtembelee kijana mmoja asiye na kazi, amsikilize, kisha alete taarifa.