Usimwambie mteja injini imekufa kabla hujaijua geji yako

Somo la leo ni la wenye maduka ya spea na gereji ndogo, ila hata kama unauza mchele kwa mzani wa kununua mkononi, soma mpaka mwisho.

Mimi nina duka dogo la spea hapa Mbeya. Niliishia kidato cha nne, ufundi sijasomea popote, nimejifunza kwa kuangalia na kwa kuharibu. Mwaka juzi fundi mmoja mstaafu aliniuzia sanduku lake la vipimo kwa sh. 120,000. Ndani kulikuwa na geji ya vakiumu, geji ya kompresheni, taa ya taimingi na mita ya pointi za distributa. Gari za zamani za kabureta hazina sehemu ya kuchomeka mashine za kisasa, kwa hiyo nikaona hapa kuna hela. Nikaandika ubao nje: TUNAPIMA INJINI.

Mteja wa tatu alikuwa mzee mmoja mkulima wa viazi, ana Land Rover Series III ya petroli. Analalamika gari ikibeba mzigo haipandi mlima. Nikafunga geji ya vakiumu, injini ikiunguruma taratibu. Mshale ukatulia kwenye 14. Kwenye geji, sehemu iliyoandikwa kuwa ni nzima ni 17 mpaka 21. Nikapima kompresheni: silinda zote nne zikasoma 122 mpaka 125, wakati mimi nategemea 150 hivi. Vipimo viwili vimekubaliana! Nikajiona daktari. Nikamwambia, "Mzee, injini imechoka, ifunguliwe."

Akaifungua. Fundi akatoa silinda hedi, akakuta ringi nzima, valvu nzima. Ugonjwa wenyewe ulikuwa uchafu uliojaa kwenye kibakuli cha pampu ya mafuta. Injini ikivuta mzigo, mafuta hayafiki ya kutosha. Ni kazi ya nusu saa. Gasketi mpya na ufundi vilimgharimu mzee sh. 180,000.

Geji zilikuwa nzima kabisa, mjinga nilikuwa mimi. Mbeya tuko juu, kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na huku hewa ni nyepesi. Kila ukipanda kama mita 300, geji ya vakiumu inashuka kama inchi 1. Ile 17 mpaka 21 ni ya pwani. Kwetu huku injini nzima inasoma 11 mpaka 15 hivi. Kompresheni nayo inashuka, maana injini inavuta hewa nyepesi. Yaani kumbe geji zote mbili ziliniambia injini ni nzima!

Sasa basi, kama unanunua vipimo vya zamani, fanya hivi:

1. Kagua kipimo chenyewe kwanza. Kikiwa hakijaunganishwa, mshale ukae sifuri. Mpira wa geji ya kompresheni ukiwa umekauka au kupasuka, unavujisha na utasoma uongo.

2. Pima gari nzima kabla ya mbovu. Mimi niliomba gari kumi za watu zisizo na tatizo, nikapima bure, nikaandika kwenye daftari. Hilo daftari sasa ndiyo kitabu changu cha Mbeya.

3. Pima kwa njia ileile kila siku. Kwa kompresheni: injini iwe na moto, plagi zote zitoke, waya wa koili uchomolewe, betri iwe na chaji, mtu akanyage mafuta mpaka chini, kisha piga stata mpaka mshale uache kupanda.

4. Linganisha silinda na silinda. Zote zikikaribiana, usikimbilie kuhukumu. Tatu zikisoma 125 na moja 80, hapo kuna kitu. Tia kijiko cha oili kwenye hiyo silinda, pima tena. Ikipanda, shuku ringi. Isipopanda, shuku valvu au gasketi.

5. Anza na vya bei ndogo. Chujio la mafuta, plagi, pointi, taimingi. Kufungua injini kuwe mwisho.

6. Lipisha upimaji peke yake. Mimi natoza sh. 10,000, hata kama mteja hanunui kitu. Ukitegemea kula kwenye spea tu, mdomo utasema injini mbovu hata macho yakiona nzima. Najua, maana siku ile nilikuwa na seti ya ringi dukani, na nilishaanza kupiga hesabu ya faida.

Zile 180,000 nilimlipa mzee kwa awamu tatu. Alipokea, akasema asante. Hajawahi kurudi dukani. Anapita hapa nje, namwamkia, "Shikamoo mzee," anaitikia "Marahaba" vizuri tu, kisha anaenda kununua duka la mbele.

Ndugu yangu, hela ya mteja unaweza kurudisha kwa awamu. Imani yake, mimi nimeshindwa mpaka leo. Kijue kipimo chako kabla hujaandika ubao.

Mtumie mwenzako mwenye gereji. Biashara njema.