SOMO LETU: KUZIBA DUMU LILILOPASUKA

Ndugu Wanachama,

Msimu wa karafuu ukifika, kila dago lahitaji maji, na maji huchukuliwa kwa madumu. Dumu likipasuka, wengi wetu hulitupa. Mwaka jana nilisafiri Bara hadi Mhunze, makao makuu ya wilaya ya Kishapu, mkoa wa Shinyanga. Nchi ile ni kavu, na dumu la lita 20 ni mali. Sokoni nilimkuta fundi akiziba madumu kwa jiko la mkaa na kisu kikuukuu. Nilikaa naye asubuhi nzima, na haya ndiyo niliyojifunza.

Plastiki ya dumu ina tabia ya nta: gundi haiishiki vema, lakini huyeyuka kwa joto la nyuzi 130 hivi, nayo ikipoa huganda tena. Kwa hiyo huzibwa kwa plastiki ya namna yake. Tazameni chini ya chombo: aghlabu mtaona pembetatu yenye nambari. Madumu mengi ni 2, ndoo nyingi ni 5. Mbili kwa mbili, tano kwa tano, zikichanganywa hazishikani.

Kazi yenyewe ni hii:

1. Osha dumu, likauke kabisa. Kwangua pande zote mbili za ufa.
2. Toboa kitundu kila ncha ya ufa kwa msumari wa moto, ili ufa usiendelee.
3. Kata ukanda mwembamba kutoka dumu bovu la nambari ile ile.
4. Pasha kisu moto. Kisiwe chekundu; plastiki ikitoa moshi, moto umezidi.
5. Yeyusha kingo za ufa pamoja na ukanda, kandamiza, vitundu navyo vizibe. Acha lipoe lenyewe, usilimwagie maji.
6. Jaza maji, lilaze ufa ukiwa chini juu ya mchanga mkavu kwa nusu saa. Mchanga ukilowa, rudia.

Dumu lililochakazwa na jua, ambalo ukilikwangua lavunjika-vunjika, halizibiki.

Sasa lililo kubwa kuliko yote. Mama mmoja alileta dumu. Kabla ya kugusa kisu fundi aliuliza, "Mama, lilikuwa la nini?" Akajibiwa, "La petroli, baba, lakini nimeliosha." Fundi akamrudishia, fedha akaziacha. Mvuke wa petroli hubaki ndani hata baada ya kuosha, na ukikutana na moto hulipuka. Dumu la dawa ya wadudu nalo lisizibwe wala lisitiwe maji ya kunywa, kwani sumu hunywewa na plastiki yenyewe.

Basi ndugu zangu, fanyeni kazi hii nje penye upepo, watoto wakae mbali, na kabla ya kuwasha jiko ulizeni kama alivyouliza fundi wa Mhunze. Kama hakuna ajuaye jibu, dumu hilo liacheni.

Wenu katika kazi,
Katibu