Aliyekataliwa bima ya maisha bado ana njia

Msimu wa pamba unapofunguliwa, kwa kawaida mwezi Mei, sehemu ya fedha zinazozunguka Bariadi, Maswa na Meatu mkoani Simiyu huwa ni za mikopo. Mfanyabiashara akifariki kabla ya kulipa, deni halizikwi naye. Hudaiwa kwenye mali aliyoiacha. Kwa hiyo barua ya kampuni ya bima inayomkatalia bima ya maisha si jambo dogo.

Kwanza, barua hiyo isomwe vizuri. Kuahirishiwa si sawa na kukataliwa. Mwenye shinikizo la damu au kisukari kisichodhibitiwa huweza kuahirishiwa. Akitumia dawa na kuhudhuria kliniki kwa miezi kadhaa, kumbukumbu hizo ndizo za kuambatanisha anapoomba upya. Aidha, aombe sababu kwa maandishi. Huenda tatizo ni kipimo kimoja kilichochukuliwa akiwa na homa.

Pili, kila kampuni ina vigezo vyake. Tangu mwaka 1967 soko la Tanzania Bara lilikuwa mikononi mwa Shirika la Bima la Taifa (NIC), hadi sheria ya mwaka 1996 iliporuhusu kampuni binafsi. Leo aliyekataliwa na moja anaweza kubisha hodi kwingine, na pengine akakubaliwa kwa ada ya juu. Kwa mfano, ada ya sh. 40,000 kwa mwezi ikiongezwa nusu huwa sh. 60,000, yaani sh. 240,000 zaidi kwa mwaka. Nyongeza hiyo ilinganishwe na deni la sh. 20,000,000 ambalo familia ingeachiwa.

Hata hivyo, kosa kubwa ni kuficha. Fomu nyingi huuliza iwapo mwombaji amewahi kukataliwa kwingine. Akijibu "hapana", kampuni yaweza kuubatilisha mkataba siku ya madai, na mjane akabaki na risiti za ada tu.

Tatu, ipo bima ya kikundi kupitia mwajiri, SACCOS au chama cha ushirika. Mara nyingi wanachama hukubaliwa bila kupimwa afya hadi kiwango fulani cha fedha. Mwanachama aulize kiwango hicho ni kipi, na kama ugonjwa alioingia nao unahesabiwa. Asiichanganye na bima ya mkopo: hiyo kwa kawaida hulipa salio kwa mkopeshaji, wala haiachi fedha za ada ya shule.

Kabla ya kulipa chochote, ahakikishe kampuni na wakala wana leseni ya Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA).

Na asiyekubaliwa popote apunguze mkopo wake. Akope kiasi ambacho ghala na mzigo wake vinaweza kukilipa bila kugusa nyumba wanamolala watoto.