Usitume "Chochote Ulicho Nacho"

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi kaunti ya Kilifi ameniandikia. Alikuwa na kadi ya mkopo ya benki, akaitumia kulipia karo ya mwanawe na dawa za mamake, mwishowe akashindwa kulipa. Alipoacha kulipa alidaiwa Sh180,000. Sasa ni mwaka wa sita, na kampuni ya kukusanya madeni inamwambia deni limefika Sh612,000. Kijana wa kampuni hiyo humpigia alfajiri, humpigia tena akiwa darasani, na kila mara humaliza hivi: "Mwalimu, tuma chochote ulicho nacho, hata mia tano, benki ione una nia." Anauliza: "Wakili, nijitangaze muflisi yaishe?"

La ufilisi tutalifikia. Kwanza, Mwalimu, hiyo mia tano usiitume.

Barua kama yako zinanifikia kila mwezi, na karibu zote zina hiyo mia tano ndani yake. Sheria ya Kenya ya muda wa kufungua kesi, Sura ya 22, inampa mdai miaka sita kushtaki juu ya deni la mkataba. Akikaa kimya miaka hiyo ikapita, una haki ya kumwambia hakimu kwamba kesi imechelewa. Lakini kifungu cha 23 cha sheria hiyo hiyo kinasema kwamba ukilipa sehemu yoyote ya deni, au ukilikubali kwa maandishi yenye sahihi yako, miaka sita inaanza kuhesabiwa upya tangu siku hiyo. Benki inaweza kukuandikia barua kumi za vitisho na hesabu ya muda isisogee. Mia tano yako peke yake inairudisha mwanzo. Yule kijana haombi mia tano kwa sababu benki ina njaa ya mia tano. Amefundishwa kuiomba, na hakuna anayemlazimisha akueleze itakufanyia nini.

Jihadhari vilevile na simu yako. Ujumbe wa "naomba mnivumilie, nitalipa deni lote mwisho wa mwezi" utachapishwa na wakili wao na kuwekwa mezani kwa hakimu kama ushahidi kwamba umekubali deni. Ukitaka kuwajibu, andika "kiasi mnachodai", na uongeze kwamba hukubali hesabu hiyo mpaka uione kwa maandishi.

Sisemi uidhulumu benki. Dawa ya deni ni kulipa, na pesa ulizotumia zilikuwa za mtu. Ila lipa ukijua unalipa nini, kwa sababu hiyo Sh612,000 inanitia shaka kubwa.

Tangu Mei 2007, kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki kinaiwekea benki mpaka. Deni likishakuwa mkopo usiolipwa, jambo ambalo kwa kanuni za Benki Kuu hutokea malipo yakichelewa siku 90, benki inaweza kudai salio la mkopo wenyewe la siku hiyo, riba isiyozidi kiasi hicho, na gharama za kudai. Hakuna la nne. Kama salio lako siku hiyo lilikuwa Sh180,000, basi riba haiwezi kupita Sh180,000 nyingine, na jumla yake ni Sh360,000. Zile Sh252,000 zinazobaki wakuonyeshe ni gharama gani, na risiti ziko wapi. Andikia benki yenyewe, si kampuni ya kukusanya, uombe tarehe deni lilipohesabiwa kuwa halilipwi, salio la siku hiyo, riba na faini zikiwa mbalimbali, na barua inayoonyesha kwamba kampuni hiyo imetumwa nao kweli. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mteja haki ya kupewa taarifa anazohitaji. Peleka barua kwa mkono na ugongewe muhuri kwenye nakala yako.

Hapa pia mia tano ina mtego wake wa pili. Kifungu cha 44A kinasema kwamba mdaiwa akianza kulipa tena kisha akashindwa tena, mpaka unapimwa kwa salio la siku aliposhindwa mara ya mwisho. Kwa hiyo benki itasema ulianza kulipa tena, na salio la kupimia ni la leo, si lile la zamani. Nani aliandika sheria ya kumlinda mdaiwa halafu akaiwekea mlango wa nyuma wa namna hii? Mwenye nia njema, anayejikamua kulipa kidogo kidogo, ndiye anayeumia. Na kadi ya mkopo ina ubaya wake zaidi, kwa kuwa riba na faini za kila mwezi humezwa ndani ya salio, kisha benki huliita salio lote mkopo wenyewe. Bunge lilipaswa kusema wazi kwamba mkopo ni pesa ulizotumia na si riba iliyovaa jina la mkopo. Lilipaswa pia kuweka kikomo cha gharama za kudai. Halikufanya lolote kati ya hayo, na riba inayoamriwa na mahakama baada ya hukumu haiguswi na mpaka huo kabisa.

Sasa vitisho. Umeambiwa dalali anakuja kubeba friji. Kadi ya mkopo haina dhamana, kwa hiyo hakuna dalali anayeweza kugusa kitu chako bila hukumu ya mahakama na hati ya kukamata mali. Hata akiwa na hati hiyo, lazima aorodheshe vitu na kukupa siku saba kabla ya kuvichukua, na sheria inamkataza kugusa kitanda, vyombo vya kupikia na zana za kazi yako. Anayekuja na pikapu na karatasi yenye nembo tu ni mhuni. Mtake aonyeshe leseni na hati, na asipotoa, ita polisi.

Umeambiwa pia utafungwa. Kushindwa kulipa deni si kosa la jinai. Kifungo cha madai kipo, lakini huja baada ya hukumu, baada ya kuitwa ujieleze, na baada ya hakimu kuridhika kwamba una uwezo na unakataa kwa makusudi, au unaficha mali, au unajiandaa kutoroka. Hata hivyo kifungo hicho kinanikera. Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai inaruhusu mtu akae ndani hadi miezi sita kwa deni linalozidi Sh100. Shilingi mia moja! Na akitoka deni bado lipo. Kiwango hicho ni aibu, na kila Bunge linakiruka.

Umeniandikia pia kwamba huyo kijana alimpigia mwalimu mkuu wako kumweleza mambo yako ya benki. Hapo amevuka mpaka. Peleka malalamiko kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data, pamoja na picha za jumbe na orodha ya simu. Mwaka 2023 ofisi hiyo ilizipiga faini kampuni za mikopo ya simu kwa vitendo vya namna hii, mojawapo Sh2,975,000.

Kinachopaswa kukutoa usingizini ni samansi. Watu huogopa simu na kupuuza karatasi ya mahakama, wakaja kushtuka hukumu imeshatolewa bila wao. Hoja ya miaka sita na hoja ya mpaka wa riba hazina faida kama hukuziandika kwenye utetezi wako. Deni lisilozidi Sh1,000,000 linaweza kupelekwa Mahakama ya Madai Madogo, ambako kesi inatakiwa kumalizika kwa siku 60 na unaweza kujitetea bila wakili. Siku za kujibu zimeandikwa kwenye samansi yenyewe.

Je, ufilisi? Sheria ya Ufilisi ya 2015 ina utaratibu mwepesi wa mtu asiye na mali, anayedaiwa kati ya Sh100,000 na Sh4,000,000, na humwondolea deni baada ya mwaka mmoja. Wewe una mshahara na umeniambia una ploti, kwa hiyo huo si wako. Ufilisi kamili utaiweka ploti mikononi mwa msimamizi, nawe utakaa muflisi kwa kawaida miaka mitatu tangu uwasilishe taarifa ya mali na madeni yako. Halafu kuna jambo ambalo hukuliuliza. Una mkopo wa SACCO uliodhaminiwa na walimu wenzako wanne. Wewe ukiondolewa deni, wao hawaondolewi, na SACCO itawageukia. Kufuta deni la kadi ambalo huenda ni nusu ya linalotajwa, kisha kuwatwisha wenzako mkopo wako, hilo siwezi kukushauri.

Pata hesabu kwanza. Ikishathibitika, pendekeza kiasi unachokimudu, ukikumbuka kwamba makato yako yote kisheria hayapaswi kuzidi theluthi mbili ya mshahara. Benki nyingi hukubali kupunguza riba mtu akileta fungu moja la pesa. Makubaliano yatoke kwa benki yenyewe, kwa barua yenye sahihi inayosema kwamba kiasi hicho kinamaliza deni lote, na ulipe kwenye akaunti ya benki, kamwe si kwenye simu ya mkusanyaji. Ukimaliza, dai cheti cha kumaliza deni, kisha chukua ripoti yako ya mikopo kutoka CRB, ambayo unastahili kupata bure mara moja kwa mwaka, uhakikishe imeandikwa kwamba umelipa. Rekodi ya kuchelewa itabaki miaka mitano tangu siku ya kumaliza, kwa hiyo tarehe hiyo nayo ikague kama imeandikwa sawa.