Kiyoyozi Kinavuma, Chumba Bado Moto

Joto la Dar es Salaam kati ya Desemba na Machi halina mzaha. Mchana nyuzijoto hupita 31, na usiku unyevunyevu wa pwani hauachi jasho likauke. Mpangaji aliyelipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo kwa sababu dalali alimwambia nyumba ina AC anastahili kulala. Ila kabla ya kumpigia mwenye nyumba kwa hasira, chunguza kwanza: mashine ni mbovu, ni ndogo, au umeme haufiki sawasawa? Jibu ndilo litakaloonyesha nani atoe fedha.

Kipimo chenyewe ni rahisi. Funga madirisha na milango, weka rimoti kwenye alama ya theluji na nyuzi 20, kisha subiri dakika 15. Pima joto la hewa inayoingia juu ya mashine ya ndani, halafu la ile inayotoka chini. Tofauti ikiwa nyuzi 8 hadi 12, mashine inafanya kazi yake. Ikiwa nyuzi 3 au 4 tu, ina ugonjwa.

Anza na chujio. Zima umeme, inua kifuniko cha mbele, vuta machujio, yaoshe kwa maji na sabuni ya kawaida, yakauke kivulini kabla ya kuyarudisha. Msimu wa joto fanya hivyo kila baada ya wiki mbili. Kisha toka barazani ukaitazame mashine ya nje. Mara nyingi utakuta imezibwa na ndoo, maboksi na kamba ya nguo, na hapo joto inalolitoa chumbani halina pa kwenda. Kwa nyumba za karibu na bahari, kagua pia yale mapezi membamba ya alumini, maana chumvi huyala hadi yakamomonyoka.

Sasa gesi, ambayo ndiyo inayowapotezea wapangaji fedha nyingi. Gesi ya AC haiishi kwa kutumika. Inazunguka ndani ya mabomba miaka na miaka, kwa hiyo ikipungua, jua inavuja. Fundi anayekuja na mtungi, akajaza na kuondoka, amekuuzia ubaridi wa wiki chache. Mwambie apake povu la sabuni kwenye viungio vya mabomba ya shaba. Panapotoa mapovu ndipo penye tundu. Azibe, anyonye hewa yote kwa pampu, ndipo ajaze gesi ya aina na uzito ulioandikwa kwenye kibandiko cha mashine, iwe R22, R410A au R32. Akitaka kuchanganya aina mbili, mwache aende zake.

Kama hewa inatoka baridi lakini chumba hakipoi, mashine ni ndogo. BTU 9,000 hutosha chumba cha mita za mraba kama 12 hadi 15. Sebule iliyoungana na jiko huhitaji 18,000 au zaidi, na ghorofa ya juu kabisa yenye ukuta unaotazama magharibi huhitaji zaidi ya hapo. Ukiwa na mashine ndogo, pambana na jua lenyewe. Kivuli cha nje ya dirisha, hata kama ni turubai jepesi au mkeka, kina nguvu kuliko pazia la ndani, kwa sababu pazia hulikuta jua limeshapita kwenye kioo. Ziba nyufa za madirisha ya kusukuma kwa sponji. Kisha weka AC nyuzi 26 uwashe na feni. Feni ya darini hula wati 50 hadi 75. AC ya BTU 12,000 hula kama wati 1,000 kompresa inapozunguka. Yuniti zako za LUKU zitakushukuru.

Wengine AC hupoza vizuri mchana, ikifika saa mbili usiku inajizima. Hapo mwite fundi umeme apime saa hiyohiyo jengo zima limewasha. Umeme wetu ni volti 230. Ukishuka sana kompresa haiwezi kuanza. Kama tatizo ni laini ya nje, toeni taarifa TANESCO. Kama ni nyaya za jengo, ni la mwenye nyumba.

Ukishajua, mwandikie kwa adabu na kwa ushahidi: “Shikamoo mzee. AC ya chumbani inavuja gesi kwenye kiungio cha nje. Nimekutumia picha na makadirio ya fundi. Naomba uitengeneze, au uniruhusu nilipe nikate kwenye kodi ijayo.” Usitoe hata shilingi kabla hajajibu kwa maandishi. Ukiamua kununua AC yako, mkubaliane mapema kwamba utahama nayo, na nani atakayeziba tundu ukutani.

Na unapotafuta nyumba nyingine, nenda kuiona saa tisa alasiri, jua likiwa linapiga ukuta wa magharibi, uwashe AC nusu saa. Mkataba utaje BTU zake, na nani analipia sevisi na matengenezo. Mwenye nyumba akikataa kuliandika hilo, usimlipe kodi.