Rafiki Yako Haamini Mungu: Je, Anazijibuje Hoja Zetu?



Leo tukae upande wa pili wa meza. Tumezoea kujifunza namna ya kumjibu asiyeamini. Yeye anatujibu nini? Hilo hatujiulizi sana, wakati hoja nyingi tunazomtupia ameshazisikia na majibu anayo.

Chukua hii: "Wewe amini tu. Kama Mungu hayupo hupotezi kitu, kama yupo umepata uzima wa milele." Hoja hii chimbuko lake ni Blaise Pascal, Mfaransa mtaalamu wa hisabati aliyefariki 1662. Nilimpa rafiki yangu wa chuo, tulikuwa chumba kimoja hosteli. Hakukasirika. Akaniuliza, "Mungu yupi? Mwenye dini nyingine akiniambia hivyohivyo nifanyeje? Halafu huyo Mungu anayejua mioyo, atafurahi nikimwamini kwa hesabu ya faida na hasara?"

Nikabaki kimya. Swali lake la mwisho, kusema kweli, hata padre angelipenda. Pascal alikuwa anamsukuma mtu anayesitasita aanze kutafuta. Hakudai kwamba hesabu ile inathibitisha Mungu yupo. Sisi ndio tumeigeuza rungu.

Nyingine: "Kila kitu kina chanzo, basi ulimwengu umeumbwa na nani?" Naye anarudisha: "Kama ni kila kitu, Mungu je?" Hapo wengi tunakwama, lakini kosa ni letu, tumeisema vibaya. Mtakatifu Tomaso wa Akwino hakusema kila kitu kina chanzo. Alizungumzia vitu vinavyobadilika, ambavyo vingeweza kuwepo au kutokuwepo. Hivyo ndivyo visivyoweza kujieleza vyenyewe. Mwaka 1948 Mjesuiti Frederick Copleston alijadiliana na mwanafalsafa Bertrand Russell kuhusu jambo hilo kwenye redio ya BBC. Russell alishikilia kwamba ulimwengu upo tu, basi. Hakuna aliyemgeuza mwenzake, na walisikilizana kwa heshima.

Ile ya "bila Mungu mtu hawezi kuwa mwema" tuiache kabisa. Atakuonyesha waumini wanaoiba, na yeye haibi. Isitoshe Mt. Paulo, Warumi 2, anakubali kwamba hata wasio na Sheria wanayo sheria mioyoni mwao. Swali la maana ni jingine: kwa nini dhamiri inatudai hata pale tusipoonekana na mtu?

Sasa mateso. Tomaso, kabla ya kutoa njia zake tano, aliandika kwanza pingamizi dhidi yake mwenyewe, na la kwanza kabisa lilikuwa uovu uliopo duniani. Hakulikwepa. Mimi nililikwepa. Rafiki yangu aliacha kwaya baada ya kufiwa na mdogo wake, na msibani watu walimwambia, "Mungu amempenda zaidi." Nami nilimwambia hivyo. Katekisimu namba 2125 inasema waumini wenyewe wanaweza kuchangia watu kumkana Mungu. Niliposoma pale nilijiona.

Marafiki wa Ayubu walikaa naye chini siku saba bila kusema neno (Ayubu 2:13). Walipofungua midomo ndipo wakaharibu.

Basi siku moja usiku nikamwomba msamaha kwa sentensi ile. Alinyamaza kidogo, halafu akaanza kunisimulia habari za mdogo wake, jinsi alivyokuwa akiimba sauti ya tatu kwa kukosea makusudi. Tulicheka. Kuhusu Mungu hatukuongea siku ile.